Halali chumbani, kosa sokoni: bangi ya Afrika Kusini

SWALI: Mwanangu ana miaka 20, anasoma Cape Town. Ananiambia bangi huko siku hizi ni halali, watu wanavuta na polisi hawana neno. Mjomba wake hapa Morogoro kalidaka: anasema na sisi tungehalalisha, wakulima wa milimani wapumue na serikali ipate kodi. Mimi nimebaki njia panda. Kilichohalalishwa huko ni nini hasa? Mwanangu yuko salama? Na huo utajiri wa mjomba upo kweli? (Mama, Morogoro)

JIBU: Mama, maswali yako ni matatu na kila moja linataka jibu lake. Naanza na la sheria, kwa sababu hayo mengine yanasimama juu yake, na kwa sababu mwanao amekwambia nusu ya ukweli. Nusu aliyoiacha ndiyo inayoweza kumtia matatani.

Afrika Kusini haikuruhusu biashara ya bangi. Iliruhusu mtu mzima kuwa nayo, kuitumia na kuipanda faraghani, kwa ajili yake mwenyewe. Jambo hilo halikuanzia bungeni. Lilianza na Mrastafari mmoja, Gareth Prince, aliyesomea sheria, kisha chama cha wanasheria cha Cape kikakataa kumsajili kwa mafunzo ya uwakili: alikuwa ameshatiwa hatiani mara mbili kwa kukutwa na bangi, na akasema wazi kwamba ataendelea kuitumia kwa imani yake. Alifika hadi Mahakama ya Katiba akidai uhuru wa dini, na mwaka 2002 akashindwa, majaji watano dhidi ya wanne. Miaka mingi baadaye yeye na wenzake walirudi kwa hoja nyingine, faragha. Machi 2017 Mahakama Kuu ya Western Cape ikawapa ushindi. Tarehe 18 Septemba 2018 Mahakama ya Katiba, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Raymond Zondo na kuungwa mkono na wenzake wote, ikasema kifungu cha 14 cha Katiba kinacholinda faragha hakiiruhusu dola kumwadhibu mtu mzima kwa anachovuta au kupanda faraghani kwa matumizi yake. Bunge lilipewa miezi 24 kurekebisha sheria. Lilichukua karibu miaka sita. Rais Cyril Ramaphosa alitia saini tarehe 28 Mei 2024, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu.

Msingi wa hukumu hiyo unaeleza kila kitu kilichofuata. Majaji hawakusema bangi haina madhara, wala hawakusema ni biashara kama nyingine. Walisema mambo ya mtu nyumbani kwake ni yake. Haki iliyojengwa juu ya faragha inaishia pale faragha inapoishia. Ndiyo maana kuvuta barabarani, ufukweni au kwenye kituo cha daladala kumebaki kosa, na kuendesha gari ukiwa umelewa bangi ni kosa vilevile. Na kwa mtu wa chini ya miaka 18 hakuna ruhusa yoyote, ingawa tangu Septemba 2022 mahakama hiyohiyo ilisema mtoto anayekutwa nayo asifunguliwe kesi ya jinai. Apelekwe kwenye ustawi wa jamii. Sheria iliyotiwa saini inamruhusu mtu mzima kumpa mwenzake bure. Akipokea hata senti, tayari ni biashara.

Kuhusu kiasi kuna kosa ambalo watu wanalirudia sana. Utasikia "ruksa gramu 600 nyumbani, gramu 100 mfukoni na miche minne." Namba hizo zilikuwa kwenye muswada wa 2020. Sheria iliyotiwa saini haikuzibeba. Ilimwachia Waziri wa Sheria aweke viwango kwa kanuni. Wengine bado wanataja gramu 115, kwamba ukiwa nazo wewe ni muuzaji. Hilo lilikuwa katika sheria ya 1992, na Mahakama ya Katiba ilikifuta kipengele hicho mwaka 1995 kwa sababu kilimlazimisha mshtakiwa kuthibitisha kwamba hana hatia. Siku hizi askari anaangalia dalili: mizani, vifuko vidogo vingi, pesa taslimu, ujumbe wa oda kwenye simu. Mtu anaweza kuwa na bangi kidogo sana na bado akashtakiwa kwa kuuza.

Sasa jiulize: mwanafunzi wa hosteli anaipata wapi? Mmea kutoka mbegu hadi ua kukauka unataka miezi mitatu hadi minne au zaidi, mwanga wa kutosha, na harufu yake haifichiki. Hakuna anayepanda kwenye chumba cha watu wawili. Ananunua. Na hapo ndipo Mahakama ya Katiba ilisimama ikakataa: iliombwa iruhusu na ununuzi, ikasema kufanya hivyo ni kubariki uuzaji. Maduka yenye majani ya kijani madirishani anayoyaona Cape Town na Johannesburg yanaendeshwa bila leseni yoyote inayoruhusu kumuuzia mtu bangi ya kujiburudisha. Polisi kutoyagusa leo hakumaanishi kwamba yana haki ya kuwepo. Hata serikali yenyewe huyumba: Machi 2025 Waziri wa Afya Aaron Motsoaledi alipiga marufuku vyakula vyote vyenye bangi au katani (si mkonge, ni aina ya bangi isiyolewesha, kwa Kiingereza hemp), na wiki chache baadaye akaondoa marufuku hiyo baada ya malalamiko.

Kwa mwanao kuna na mambo yasiyo ya polisi. Chumba chenye mwenzake asiyetaka moshi hakimpi faragha ile waliyoisema majaji. Hosteli na mwenye nyumba wana kanuni zao, na mtu anaweza kufukuzwa bila polisi kuitwa. Kazini hali imechanganyika. Mwaka 2024 Mahakama ya Rufani ya Kazi iliona kampuni ilimbagua mfanyakazi wa ofisini ilipomfukuza kwa kipimo cha mkojo tu, maana kipimo hicho hakionyeshi kama mtu amelewa akiwa kazini. Lakini kwenye migodi, mitambo na magari mwajiri bado ana haki ya kukataa kabisa. Na mgeni anayeishi kwa viza ya masomo hana nafasi ya kukosea aliyonayo mwenyeji: hukumu ya jinai inamfuata kila anapojaza fomu ya viza, ya kule na ya nchi nyingine.

Swali la pili, usalama. Nalijibu kwa urefu, kwa sababu kwenye mjadala wa kuhalalisha pande zote mbili hulipita haraka: upande mmoja unasema ni mmea tu, mwingine unasema inaua akili ya kila anayeigusa.

Kinacholewesha ndani ya bangi ni THC. Katika bangi iliyokamatwa Marekani katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa karibu asilimia 4. Siku hizi asilimia 15 ni ya kawaida, na mafuta yaliyokamuliwa huvuka 60. Kwa hiyo mzee anayesema "sisi tulivuta ujanani na hatukuwa vichaa" anazungumzia kitu kingine. Skanka, yaani bangi kali, anayovuta kijana wa leo ina nguvu mara tatu au nne ya msuba wa enzi hizo. Utafiti uliofanywa katika miji ya Ulaya na Brazili, uliochapishwa 2019, ulikuta kwamba anayetumia kila siku bangi yenye THC ya asilimia 10 au zaidi ana uwezekano wa karibu mara tano kupata ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuona yasiyokuwepo, ukimlinganisha na asiyetumia. Wengi hawapati. Lakini kama kwenye ukoo wenu, upande wako au wa baba yake, kuna aliyewahi kuugua hivyo, mwambie mwanao leo, na umwambie bila kuficha jina la ugonjwa. Kwa kijana wa namna hiyo ushauri ni mmoja tu: aiache kabisa, kwa sababu ugonjwa huo hujitokeza zaidi katika umri huohuo alionao.

Uteja nao upo. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba karibu mmoja kati ya kumi wanaojaribu huishia kushindwa kuacha, na wanaoanza wakiwa wadogo huwa wengi zaidi. Akiacha ghafla atakosa usingizi, atakuwa na hasira, chakula hakipiti. Wiki ya kwanza ndiyo mbaya, kisha hali hutulia taratibu. Hakuna dawa maalumu ya kumwachisha mtu bangi kama ilivyo methadoni kwa heroini. Kinachosaidia ni ushauri nasaha wa mfululizo, na vyuo vikuu vya huko vina ofisi za kazi hiyo.

Kuna na kitu ambacho wazazi hawakijui. Mtumiaji wa muda mrefu anaweza kuanza kutapika mfululizo, siku nzima, tumbo likimkata, na nafuu anaipata akikaa chini ya maji ya moto. Hutibiwa kama vidonda vya tumbo mara tatu, mara nne, bila mafanikio. Ukisikia mwanao anatapika namna hiyo na anaoga maji ya moto mara nyingi kwa siku, huenda ni bangi, na kama ndiyo, tiba yake ni kuiacha.

Ila kinachompeleka mwanafunzi hospitali usiku mara nyingi ni biskuti. Nikupigie hesabu ya sinia moja. Gramu moja ya bangi yenye THC asilimia 15 ina miligramu 150. Mtu anachemsha gramu 10 kwenye siagi, hizo ni miligramu 1,500. Tuseme theluthi imepotea kwenye joto na kwenye machicha; zimebaki 1,000. Anakata biskuti 40. Kila moja ina wastani wa miligramu 25, wakati asiyezoea huanzia 2.5 hadi 5, na Kanada, ambako biashara ni halali, pakiti nzima hairuhusiwi kuzidi miligramu 10. Na huo ni wastani. Siagi haijichanganyi sawasawa kwenye unga wa kukandwa kwa mkono. Biskuti moja yaweza kubeba mara mbili au tatu ya iliyo jirani yake.

Halafu kuna suala la muda. Moshi unafika kwenye ubongo kwa dakika chache, kwa hiyo mvutaji anajua mapema kwamba imetosha. Biskuti inapita tumboni na kwenye ini, na ini linaigeuza THC kuwa kitu kingine chenye nguvu zaidi. Inachukua nusu saa hadi saa mbili kuanza, inapanda kwa saa kadhaa, na inaweza kudumu saa 8 hadi 12. Mlaji anakaa dakika 45, anasema hii haina kitu, anakula ya pili. Zinapopanda zote mbili kwa pamoja moyo unakimbia, jasho linatoka, anaamini anakufa. Kwa kawaida mtu mzima mwenye afya hafi kwa hilo. Anahitaji chumba tulivu, mtu wa kukaa naye, maji, na asiachwe alale chali anapotapika. Akishikwa na maumivu ya kifua, akizimia, au akianza kusikia sauti, apelekwe hospitali. Mtoto mdogo akila, usingoje dalili hata moja: anaweza kulala usingizi usioamshika na pumzi ikapungua. Mpeleke, na mwambie daktari ukweli kuhusu alichokula. Madaktari wa Ontario, Kanada, waliona watoto wenye sumu ya bangi wakiongezeka mara baada ya vyakula hivyo kuruhusiwa madukani, na mikoa iliyoviruhusu iliumia zaidi ya Quebec, ambako peremende za bangi zilikatazwa. Somo hilo limenifanya nipinge kabisa vyakula vya bangi vyenye sura ya pipi au keki, hata pale ninapokubali mengine.

Sasa la mjomba. Mjomba ana moyo mzuri. Mkulima wa bangi kwa sheria yetu ya 2015 anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, na kumwonea huruma mtu huyo ni haki. Lakini hesabu yake ina tundu, na tundu hilo linaonekana wazi huko huko Afrika Kusini.

Nenda Mpondoland, Eastern Cape, vilima vya Lusikisiki na Port St Johns. Familia za huko zimelima bangi kwa vizazi, kwenye mabonde yasiyofika gari, na fedha yake imelipa ada na mazishi. Helikopta za polisi zilikuwa zikiwamwagia sumu ya magugu, na sumu hiyo ikaangukia mahindi na maboga pia. Ilipotoka hukumu ya 2018 walidhani mateso yamekwisha. Kilichotokea ni kwamba mteja wa mjini, aliyekuwa akinunua kwao, sasa aliruhusiwa kupanda chini ya taa kwenye gereji yake. Akapata vishada vizito visivyo na mbegu, vyenye THC kubwa. Bangi ya Mpondoland, inayokaushwa juani na kufungwa kwenye magunia ikiwa na mbegu ndani, ikakosa bei. Mkulima yuleyule hana ruhusa ya kuuza, kwa sababu haki aliyopewa ni ya kuvuta mwenyewe. Sheria ilimwondolea mnunuzi hofu na mkulima ikamwondolea mnunuzi.

Mjomba atajibu: basi auze nje, kwa matumizi ya dawa. Hapo inabidi aone kiwanda kinahitaji nini. Duka la dawa la Ujerumani halinunui gunia. Linanunua maua ya mmea jike pekee, kutoka vipandikizi vya mmea mama mmoja ili kila kundi lifanane, na THC iliyoandikwa kwenye kopo isipishane na iliyomo kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Mmea dume mmoja ukichanua shambani chavua yake inasafiri na upepo kilomita kadhaa, majike yanashika mbegu, na mzigo wote unashuka daraja. Ndiyo maana mashamba ya katani na ya bangi ya dawa hayakai jirani. Baada ya kuvuna, unyevu lazima ushuke hadi karibu asilimia 10 hadi 12: ukizidi, ukungu unaingia na maabara inaukataa, ukipungua sana, vishada vinavunjika kuwa vumbi. Kuna vipimo vya mabaki ya viuatilifu na vya madini mazito kama risasi na kadimiamu, ambayo bangi huyanyonya kwa wepesi kutoka udongoni. Kuna uzio, kamera, ghala lenye kufuli mbili, na kitabu kinachofuata kila mche. Lesotho, nchi ya kwanza Afrika kutoa leseni za namna hiyo, mwaka 2017, iliona leseni zikienda kwa kampuni zenye mtaji wa nje. Zimbabwe ilipofungua mlango mwaka 2018 ada iliyotangazwa ilikuwa dola 50,000. Rwanda nayo iliruhusu kilimo cha dawa cha kuuza nje mwaka 2021, huku bangi ikibaki marufuku kwa raia wake. Mkulima wa Arumeru au Tarime mwenye nusu eka na jembe hayumo katika picha hiyo, isipokuwa kama kibarua.

Na kodi? Kodi inatoka dukani, kwa hiyo nchi isiyo na maduka halali, kama Afrika Kusini, haikusanyi kitu kwa mvutaji. Penye maduka fedha ipo kweli. Jimbo la Colorado, Marekani, lilianza kuuza Januari 2014 na mwaka 2021 likakusanya zaidi ya dola milioni 423. Mwaka 2023 zilikuwa karibu milioni 274. Majirani walifungua maduka yao, watalii wakapungua, wakulima walikuwa wamezidi, na bei ya jumla ikaanguka kwa zaidi ya nusu. Kanada ilikwama kwa njia nyingine: ushuru wake ni dola moja kwa gramu au asilimia 10, yoyote iliyo kubwa. Bei ilipokuwa gramu dola 10 ushuru huo ulivumilika. Iliposhuka, ile dola moja haikushuka nayo, na wazalishaji wengi wakashindwa kulipa. Anayepanga bajeti ya shule juu ya kodi ya bangi anapanga juu ya bei ya zao, na mkulima yeyote wa korosho atakwambia bei ya zao ni nini.

Kwa hiyo nikiulizwa kama tuhalalishe, huanza kwa kuuliza: kuhalalisha lipi? Yako maamuzi manne yanayobebwa na neno hilo moja: mtumiaji asifungwe, mtu apande chake, duka liuze, mkulima asafirishe nje kwa dawa. Kila moja lina faida na madhara yake, na nchi inaweza kulichukua moja na kuyaacha mengine. Kutochambua hivyo ndiko kunakofanya mijadala yetu izunguke palepale. Kenya imeuona mjadala huu ukipanda na kushuka tangu mbunge wa Kibra, marehemu Ken Okoth, alipotaka kupeleka muswada mwaka 2018, hadi kampeni ya urais ya George Wajackoyah mwaka 2022, na mara nyingi swali lililopigiwa kelele lilikuwa "ndiyo au hapana".

Msimamo wangu ni huu. Mvutaji aliyekutwa na msokoto mmoja hafai jela. Gereza halimwachishi, linamkutanisha na wauza unga, na likimtoa linamtoa bila kazi. Hilo la kwanza ningelifanya, pamoja na fedha za ushauri nasaha zilizotengwa kabla. Maduka ningeyachelewesha, na kama yangekuja yangefuata njia ya Uruguay zaidi kuliko ya Colorado. Uruguay, iliyopitisha sheria yake Desemba 2013 chini ya Rais José Mujica, inamtaka mtu ajiandikishe na achague njia moja: apande miche sita nyumbani, ajiunge na klabu, au anunue duka la dawa, gramu 10 kwa wiki na zisizidi 40 kwa mwezi, kwa alama ya kidole, bila matangazo, na wakazi tu. Hata wao walikwama mahali ambapo hawakutarajia: mauzo ya maduka ya dawa yalipoanza Julai 2017, mabenki yalitishia kufunga akaunti zao, kwa kuogopa sheria za fedha za Marekani. Nchi yenye benki zinazotegemea dola lazima ijue hilo mapema.

Jambo ambalo halifai kabisa ni kuondoa katazo kabla ya kuandika kanuni. Thailand iliitoa bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya tarehe 9 Juni 2022, sheria ya kuiendesha ikiwa bado bungeni. Sheria hiyo haikupita. Maduka maelfu yakafunguka bila umri uliosimamiwa vizuri wala vipimo vya maana, na Juni 2025 serikali ikarudi nyuma, ikataka cheti cha daktari kwa kila mnunuzi. Waliokopa kufungua maduka halali wakajikuta na bidhaa wasiyoruhusiwa kuuza kama mwanzo.

Na kwa wakulima, mjomba atazame Moroko. Sheria namba 13-21 ya mwaka 2021 iliruhusu kilimo cha dawa na viwanda katika mikoa mitatu ya milima ya Rif ambako bangi ilikuwa ikilimwa tangu zamani, Al Hoceima, Chefchaouen na Taounate, na mkulima anaingia kupitia ushirika wenye mkataba na mnunuzi. Agosti 2024 mfalme aliwasamehe watu 4,831 waliokuwa na kesi au hukumu za kilimo hicho. Soko haramu halijafa, ila leseni imeanza kwa mtu wa mlimani. Mjomba akitaka hoja ya kumpelekea mbunge wake, hiyo inamfaa kuliko ya Cape Town.

Hata hivyo, hakuna kati ya haya lililo sheria Tanzania leo, na mwanao atakuja likizo. Kwetu neno "kusafirisha" katika sheria ya dawa za kulevya limetandazwa likabeba hata kuhifadhi na kuwa nayo, na hukumu yake huanzia miaka, si siku. Sheria ya Afrika Kusini haivuki mpaka pamoja na abiria. Asibebe hata mafuta ya CBD (kiini cha bangi kisicholewesha), ambayo huko huuzwa kwenye maduka ya dawa, wala peremende za jeli zenye bangi, wala kisagio cha bangi chenye mabaki, na kama ndege inapitia Ghuba hatari ni ileile. Ajue pia kwamba mkojo unatunza habari: aliyevuta mara moja anaweza kuonekana kwa siku tatu hivi, na wa kila siku kwa mwezi mzima au zaidi, jambo lenye uzito kama ana usaili wa kazi ya mgodini au ya nje. Kabla ya safari ageuze mifuko ya jaketi ndani nje, akung'ute begi mpaka kwenye mishono, na begi la kuazima kwa rafiki asisafiri nalo.